Watoto wa Joho la Babu

Makorora, Tanga
5 Februari 1956

Kwa Dada Zeyana,

Shikamoo. Barua hii isome umekaa, maana nakujua, ukisoma umesimama unaruka mistari. Mimi mzima, nakula, nalala, na nguo nafua mwenyewe, usicheke. Nisalimie shemeji na watoto. Bibi mbusu mkono, umwambie mumewe wa Tanga bado hajaoa mwingine. Mguu wake vipi? Unavimba bado au ni ule wa kuvimba anapotaka kuhudumiwa?

Chumba nimepata, nyuma ya kwa fundi baiskeli. Nimepaka chokaa, nimetundika pazia nililochora mwenyewe: ngazi, nguzo mbili, na bustani ya maua ambayo hata mimi siyajui majina. Juu ya mlango nimeandika kwa rangi nyekundu TAIMUR MPIGA PICHA NA MCHORAJI WA KILA KITU. Jirani mmoja ameshaniuliza kama naweza kumchora mkewe akiwa amenyamaza.

Kazi ya kwanza ilikuwa ubao wa kinyozi wa hapa Makorora. Nikamchorea vichwa vya kila mtindo, na kimoja kikatoka kinafanana naye mwenyewe kabla hajaota kipara. Sasa anawaonyesha wateja, anawaambia ndivyo alivyokuwa. Ya pili ni lori la Pongwe. Mwenye lori alitaka simba mlangoni. Mimi simba sijamwona, nikatazama paka wa hapa uani, nikamwongezea nywele. Watoto wa Pongwe lori likipita wanaliita kwa kulialia kama paka.

Dada, mwaka wa Bibi unakwenda. Maneno yake nayasikia mpaka leo: "Mwaka mmoja, mume wangu. Ukiisha nami sijaona kazi kwa macho yangu, unarudi Pangani kukaa dukani." Nikilikumbuka lile duka, lile pipa la mafuta ya taa na ile mizani inayolia, mwili unanisisimka. Si duka baya. Ila najijua, nikikaa nyuma ya meza ile sitoki tena. Na Bibi picha hazipendi, kwake picha ni mambo ya polisi. Kwa hiyo kazi yangu lazima iwe kubwa, ionekane hata na asiyetaka kuiona.

Basi nina ombi. Wateja wangu wengi wanatoka makambi ya mkonge. Wanataka picha ya kupeleka kwao, waonekane wamekuwa watu. Zile studio za barabara kubwa zina makoti na tai za kuazimisha. Mimi nina kigoda. Nimekumbuka joho la Babu, lile jeusi la zari, limelala kashani bila kazi. Nitumie kwa mwezi mmoja tu. Bibi asijue.

Mdogo wako,
Taimur


Pangani
2 Machi 1956

Taimur,

Marahaba. Barua nimeisoma nimesimama, na mstari wa joho sikuuruka.

Sisi wazima. Shemeji yako ana mafua na anaugua kama mfalme. Mwanangu mdogo ameanza kutembea, anaanguka zaidi ya anavyotembea. Mguu wa Bibi ni kweli safari hii. Kila siku mbili tatu tunampeleka zahanati kufungwa dawa. Huko amepata muuguzi anayempenda, binti wa milimani mwenye mikono laini, na tangu hapo hataki mwingine amguse.

Duka letu bado analiangalia Mzee Msafiri, naye kila siku anasema anataka kwenda zake kupumzika. Juzi nilimsaidia nusu siku. Nikaitoa sabuni nyuma nikaiweka mbele, nikayafunika mafuta ya taa yaache kunuka ndani ya mchele. Mzee alilalamika, halafu sabuni ikaisha. Lakini hayo si yako.

Jibu langu kuhusu joho ni hapana. Umerukwa na akili? Lile ni joho alilolivaa Babu Idi zote. Bibi mwenyewe hajalitazama tangu mazishi, hawezi. Kila Idi ananipa ufunguo na karafuu, ananiambia, "Mke mwenzangu, kamwekee," halafu anageukia ukutani mpaka nilifunge kasha. Na wewe unataka kumvisha nani? Wakata mkonge?

Hilo ndilo jibu la dada, lihifadhi. Sasa nenda kituo cha basi umwone Luka utingo, ana gunia la nazi lenye jina lako. Toa nazi polepole. Chini kabisa, ndani ya shuka, ndimo mlimo jibu la mjinga mwenzio. Tahadhari na zari ya kifua cha kushoto. Ile ilichanika zamani, Bibi akaitengeneza kwa kipande alichokikata kwenye mto wake wa harusi, ndiyo maana upande ule una nyota na upande wa pili una majani. Ukiichana hiyo usirudi Pangani hata maiti.

Mwezi mmoja, Taimur.

Dada yako,
Zeyana


Makorora, Tanga
16 Mei 1956

Kwa dada aliyekataa vizuri kuliko wote,

Idi njema na mfungo uliokwisha salama. Mimi nilifuturu kwa jirani mpaka jirani akaanza kuniuliza nyumbani kwetu ni wapi. Sasa nimenenepa. Wabusu watoto.

Najua mwezi umepita. Soma kwanza.

Joho limefanya kazi kuliko mimi! Siku ya kwanza aliingia kijana mmoja, Methusela, Mlutheri wa Mlalo, anakata mkonge huku Pongwe. Mrefu, paji pana, mpole mpaka unataka kumsukuma uone kama atakasirika. Alitaka picha ya kumpelekea mchumba wake Beatrisi. Nikamvisha joho. Dada, yule mtu alibadilika mbele yangu. Mabega yalipanda, kidevu kikapanda, akaniuliza kwa sauti nzito, "Nitazame wapi?" Nikamwambia tazama kule unakokwenda. Basi akatazama, na picha ilipotoka nilikaa nayo chumba cha giza nikitabasamu peke yangu. Hiyo ndiyo picha yangu ya kwanza ambayo ningeiona kwa mtu mwingine ningemwonea wivu.

Wenzake wakaiona. Wakaja kwa makundi, Jumapili baada ya kanisa, wakisubiri zamu uani. Zebedayo wa kwaya, Timotheo mpishi wa mapadri, hata Luka utingo, ambaye ndiye aliyelileta joho lenyewe na hakujua amebeba nini. Wafupi nawasimamisha juu ya tofali, joho linalificha. Wanene hawafungi mbele. Mama mmoja, Praxeda wa Nguvumali, muuza maandazi, akasema kama ni la mabwana tu basi na alipe bwana, yeye anataka kulivaa. Kalivaa. Kawashinda wote.

Huyo ndiye mdogo wako wa sasa. Nimechora pia kanga, naam, kanga nzima, mji na pindo, kwa tajiri mmoja wa Kihadhrami anayepeleka michoro ng'ambo kupigwa chapa. Nimeweka machungwa ya Muheza katikati na majani pindoni. Yataiva mwishoni mwa mwaka.

Joho nitalirudisha. Karibuni. Kasha halina macho.

Taimur


Pangani
25 Julai 1956

Taimur,

Idi Mfungo Tatu imepita, nyama imeliwa, watoto wazima, shemeji yako hajambo. Salamu zimekwisha. Sasa kaa wewe chini.

Yule muuguzi wa Bibi, mwenye mikono laini, unajua anaitwa nani? Anaitwa Beatrisi. Ana mchumba huko Pongwe. Na mchumba amemletea picha.

Nilikuwapo. Alikuwa anafunga mguu, akaitoa picha kifuani kwa furaha zake, akasema, "Bibi, mtazame mwenzangu." Bibi akaishika mbali, akaileta karibu, akaishika mbali tena. Mimi nilishaona, nikaanza kukohoa kikohozi kisicho na sababu. Akaweka kidole pale kwenye nyota. Akamrudishia picha, akamwambia, "Mzuri. Kwao wapi?" Beatrisi akasema Mlalo.

Mlalo, Taimur! Babu alikokuwa akipanda kila mwaka kununua tumbaku!

Hakula siku ile wala ya pili. Siku ya tatu akaniita, akanipa ufunguo, akaniambia nifungue kasha, na safari hii hakugeukia ukutani. Nikafungua. Akatazama mle ndani, karafuu tupu, akasema taratibu, "Kampa. Joho la mtu havai mtu baki, huvaa mwanawe. Babu yenu Khalifa alikuwa na mtoto huko mlimani, akampa joho lake, nami nikabaki nafukizia kasha."

Nikafungua mdomo kusema. Akanishika mkono. "Nawe ulijua. Kila Idi ulikuwa ukiweka karafuu kwenye kasha tupu usinivunje moyo. Mungu akulipe, mke mwenzangu."

Ananishukuru, Taimur. Ananishukuru mimi! Hivi huo mdomo ningeufunguaje?

Fanya jambo.

Zeyana


Makorora, Tanga
30 Agosti 1956

Dada Zeyana,

Shikamoo sana. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa na kazi, halafu nilikuwa na homa, halafu nilikuwa na woga. Chukua huo wa mwisho.

Nilicheka kwanza, nikiri. Methusela baba yetu mdogo! Amekuja juzi kuchukua nakala, nikajikuta nimemwamkia shikamoo. Akatazama nyuma kuona nani ameingia.

Kisha nikaacha kucheka. Nimeigeuza huku na huku. Nikimwambia Bibi kweli, atajua joho limevaliwa na Pongwe nzima, na mwaka wangu umekwishia hapo. Hatasikia tena habari za picha wala kanga wala kitu. Nitakuwa nyuma ya mizani kabla mwezi haujaandama. Na sasa ndiyo kazi imeanza kunijia, Dada. Kuna mwalimu kaniomba nimchoree ramani ya ukutani, kuna harusi mbili, kuna ubao wa mkahawa wenye samaki niliowachora hata paka wa hapa anawasimamia chini. Usiku huwa sipati usingizi kwa kuwaza picha za kesho.

Nakuomba miezi michache tu. Mwaka ukiisha nitasema yote. Babu amekwisha kufa, halimdhuru.

Taimur


Pangani
14 Septemba 1956

Taimur,

Halimdhuru?

Wewe hukai nyumba hii. Tangu Babu afe, kila usiku wa kuamkia Ijumaa Bibi humsomea Yasini, awe na homa, awe na wageni. Alhamisi iliyopita nilimwekea mswala na chetezo kama kawaida. Akasema, "Leo nimechoka." Jana pia akasema amechoka. Akalala na macho wazi. Nilimwuliza kama mguu unauma, akasema mguu umepona.

Na bado si mchoyo, hilo ndilo linaloniua. Anamkasirikia Babu, ila mtoto hana kosa. Amempelekea Methusela halua, tende, na kanzu aliyoidarizi mwenyewe kola. Beatrisi anazipeleka, anadhani ni zawadi za uchumba, anasema hajaona wazee wakarimu kama wa Pangani. Sasa Bibi amemwita Mzee Msafiri wazungumze juu ya ile minazi ya Mkwaja, kwamba "kuna mrithi hakuhesabiwa." Mlutheri wako atarithi minazi kwa sababu ya kusimama mbele ya pazia!

Na mimi nipo katikati, nashukuriwa kila asubuhi.

Sikiliza. Mimi nakupenda na ningependa ubaki huko huko Tanga na makopo yako ya rangi, nina sababu zangu. Lakini simwachi mtu mzima alale akimchukia mume aliyempenda, kwa ajili ya chumba chako cha Makorora. Utasema wewe, au nitasema mimi.

Duka lingali linakwenda. Nimebadilisha mizani, ile nyingine ilikuwa inalia.

Zeyana


Makorora, Tanga
20 Oktoba 1956

Dada,

Maulidi yamepita, na mimi nilikaa nyuma kabisa ya watu nikiona haya hata ya kuitikia. Maneno yako ya Yasini nimeyasoma mara nyingi. Sikuwa najua. Ningejua nisingeandika vile, nisamehe.

Nimejaribu kumwandikia Bibi. Nikiandika kweli, inasomeka kama mtu anayejitetea. Nikiipunguza, inasomeka kama mwongo. Nimechana.

Halafu Methusela akaja na nusu ya ile halua, kaniletea mimi, amevaa kanzu iliyodariziwa, anatoka kanisani nayo! Akakaa kwenye kigoda changu, akaniuliza, "Fundi, bibi yako ananipendea nini? Mimi nimefiwa na bibi zangu wote. Nikijua anachokipenda nitakizidisha." Dada, nilitamani ardhi inimeze na kigoda chake.

Basi nimeamua. Mimi kwa maneno ni mtu dhaifu, kazi yangu ni kuonyesha. Mlete Bibi Tanga. Alisema anataka kuona kazi kwa macho yake, basi ataiona yote. Nitatundika mwaka mzima ukutani, sitaficha hata moja, na joho nitaliweka palepale mbele yake. Akitaka kunirudisha dukani nitapanda basi alilokuja nalo. Huko nitakusaidia kupanga sabuni.

Mwambie mumewe mdogo amemwita.

Taimur


Makorora, Tanga
9 Desemba 1956

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Nasikitika surua imekuzuia kuja, na namshukuru Mungu mtoto amepata nafuu. Bibi amefika salama na amerudi salama, na najua kwa vile alivyo hajakwambia neno. Wacha nikwambie mimi.

Alishuka basi ameshikwa mkono na Beatrisi, buibui lake jipya, amenuna. Njia nzima hadi hapa hakunitania. Sikuwahi kuitwa Taimur na Bibi, jana nikaitwa Taimur.

Nilikuwa nimetundika usiku kucha. Na katika kutundika nikaona mwaka wangu kwa mara ya kwanza, maana kazi unaifanya moja moja hujui inakwenda wapi. Nikaona nilivyoanza kwa kuwasimamisha watu kama nguzo, wote wanatazama kamera kama wanatazama hakimu. Kuelekea mwezi wa nane nikajifunza kuwaacha wapumue kwanza. Picha za harusi mbili nimeziharibu, bibi harusi mmoja hana miguu. Ubao wa kinyozi ungali mzuri. Simba ni paka, nimelikubali. Na machungwa yangu ya Muheza yamefika kutoka ng'ambo, marobota mazima, yamepigwa chapa zambarau! Nilitaka kulia. Wanawake wa Tanga wameyagombea, wanaulizana machungwa yale yanaota wapi. Nimetambua kuwa kazi iliyonipa sifa ni ile aliyoikosea mtu mwingine.

Lakini ukuta mzima wa kati ulikuwa joho.

Bibi akavaa miwani. Akaanza na Methusela, akakaa naye sana. Akasogea kwa Zebedayo wa kwaya. Akaganda. Akasogea kwa Timotheo mpishi. Akarudi kwa Methusela, akatazama nyota, akaenda kwa Timotheo, akatazama nyota. Akamkuta Luka utingo. "Huyu si ndiye aliyenikatia tiketi leo?" Nikasema ndiye. "Naye wa Khalifa?" Akaenda akiwafuata ukutani mmoja mmoja, warefu kwa wafupi, waliofunga mbele na wasiofungika, mpaka akafika kwa Praxeda muuza maandazi, mkono kiunoni, joho begani.

Akageuka. "Mume wangu," akasema, "ati Khalifa kazaa Tanga nzima?"

Nikapiga magoti nikamweleza. Yote, la gunia na nazi nimejitwika mimi, wewe nimekutoa. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani analia, kumbe ni kicheko, kile cha zamani, cha kujipiga mapaja. Alicheka mpaka Beatrisi akamshika asidondoke. "Nami nimemgawia Mlutheri wa watu minazi!" Na Beatrisi, ambaye ndipo alipojua, akacheka naye mpaka kofia ikamtoka.

Kilio kilikuja baadaye, nilipompa joho mkononi. Alilinusa. "Halinuki udi tena," akasema. "Linanuka watu." Nikaomba radhi. Akasema, "Nyamaza. Alipokuwa hai ndivyo lilivyokuwa likinuka."

Halafu akanieleza jambo ambalo sijui kama wewe ulilijua. Zamani, yeye bado kijana, alipita Pangani mpiga picha mmoja wa Kigoa na kamera ya miguu mitatu. Babu akamwita barazani. Akavaa joho, akaweka viti viwili, akakaa kwenye kimoja. Akatuma mtu amwite Bibi atoke ndani. Bibi akasema yeye si mhalifu, picha ni za polisi. "Akanisubiri," akaniambia. "Akanisubiri mpaka jua likaondoka barazani, nami n'likaa nyuma ya mlango namchungulia, nasikia haya, nasikia kiburi, sikutoka. Yule Mgoa akafunga vyombo vyake. Khalifa hakutaka kupigwa peke yake. Hakunilaumu hata siku moja. Ndiyo maana hakuna picha yake."

Kumbe ndicho alichokuwa akikichukia kwenye picha, miaka yote.

Akasema, "Lete viti viwili."

Nikaleta. Joho akakivisha kiti yeye mwenyewe, akalinyoosha mabega, akaigeuza nyota ikae mbele. Akakaa pembeni. Pazia la ngazi na maua akanikataza, akataka ukuta mtupu wa chokaa kama wa barazani. Nikamwuliza atazame wapi. "Mimi najua pa kutazama," akasema, na hakutazama kamera.

Nimepiga moja tu. Nimeisafisha usiku ule ule, naileta pamoja na barua hii imefungwa vizuri. Akanionya nisiitundike popote. Akapanda basi. Kuhusu mwaka wangu hakusema kitu, na mimi sikuthubutu kuuliza. Nimefunga makopo ya rangi kwa tahadhari. Nikiitwa nitakuja.

Mdogo wako,
Taimur


Pangani
6 Januari 1957

Taimur mdogo wangu,

Marahaba, na mwaka mpya wa kizungu uwe na heri. Mtoto amepona, anaanguka kama kawaida. Shemeji yako amepata mafua mengine. Beatrisi na Methusela wanafunga ndoa kwao Mlalo baada ya Pasaka, na wamemwalika Bibi. Ameshaanza kudarizi. Minazi hawapewi, lakini Methusela ameambiwa kwamba nyumba hii ataingia bila kubisha hodi, kwa kuwa alikuwa mtoto wa Khalifa kwa miezi minne na ushei na hakuleta aibu yoyote.

Alhamisi ya kwanza baada ya kurudi alitaka mswala kabla sijauweka. Alisoma Yasini zile zote alizoziruka, na kati ya moja na nyingine nikamsikia anamwomba radhi Babu kwa sauti, kama anayezungumza na mtu wa chumba cha pili.

Sasa mwaka wako. Amenikalisha jana, akaniambia niandike kama anavyosema, nami naandika:

"Mwambie mume wangu asirudi. Duka lina mwenyewe. Nimekuwa nikimtazama mwaka mzima anavyohamisha sabuni akidhani sioni, akabadilisha na mizani. Mzee Msafiri apumzike, akae Zeyana. Na mume wangu abaki kule kule na rangi zake. Joho nalo libaki huko, kasha silitaki tena. Ila atalichakaza, na wale wanene wake. Nampelekea kilichobaki cha ule mto, ashone upande wa kulia utakapochanika. Na yule mwanamke wa maandazi ampe salamu zangu, joho limempendeza."

Nimelia juu ya barua nikiandika, Taimur, wino umetanda pale kwenye neno duka, utaona. Sikukwambia nilivyolitaka, nilidhani ukishindwa litakuwa lako na ukishinda litapewa shemeji yako. Kipande cha mto kimo humu. Nimejifunga machungwa ya zambarau, na kesho ndiyo nafungua mlango wa duka mwenyewe.

Picha imetoka. Imewekwa kioo, haiko sebuleni, iko chumbani kwake, kando ya kitanda. Sote tulidhani ataifunika kitambaa. Kila alfajiri akitoka kuswali anaifuta kwa ncha ya kanga, na anaiambia maneno yale yale, nimeyasikia kupitia ukutani:

"Haya, Khalifa. Nimetoka."

Dada yako, mwenye duka,
Zeyana